Mume wangu anasema nimejaza nyumba mitumba ya marehemu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, sasa tunaishi Lancaster, Pennsylvania. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Hatulali njaa, ila hela za kuchezea hatuna.

Mambo yalianzia kazini. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa na blanketi la viraka alilolishona mama yake, na kila nikimtandikia kitanda ananionyesha mishono: huu wa mama, huu wa shangazi yangu, huu wa mimi nikiwa mtoto, ona ulivyopinda. Nikaanza kupenda. Siku za mapumziko nikawa naenda Adamstown, kwenye masoko ya Jumapili ya vitu vya kale. Sasa nyumbani nina mitungi minne ya kijivu yenye maua ya buluu, bata wa mbao wawili waliotumiwa na wawindaji zamani, mablanketi ya viraka matatu, kinu cha kahawa na viti ambavyo nakiri havikaliki.

Mume wangu amechoka. Anasema wenzetu wanakuja Marekani wanajenga kwao, mimi nanunua mitumba ya marehemu. Wifi yangu kule Tanga naye ameongeza petroli: eti vitu vya maiti usiowajua vinakuja na mambo yao, tusome dua. Tangu hapo mtoto akipata homa, mume wangu anamtazama bata.

Sasa kuna kasha. Mzee mmoja mchuuzi, mcheshi sana, analo kasha la rangi ya buluu, limechorwa maua na ndege mbele, na katikati kuna jina la msichana kwa maandishi ya Kijerumani na mwaka 1792. Anasema limetoka kwenye nyumba ya shamba kaunti ya Berks, halijawahi kutoka kwenye ukoo huo. Bei dola 2,600, ila kwangu mimi ataniachia kwa 1,900 taslimu, na nifanye haraka kwa sababu kuna mtu wa makumbusho anakuja wiki ijayo. Hiyo ni Jumapili ya tatu ananiambia hivyo. Mwisho wa mwezi ni zamu yangu ya mchezo na wenzangu, nitapokea 2,000. Mume wangu hajui.

La mwisho. Nimenunua kisu cha kufungulia barua chenye mpini wa pembe ya ndovu kwa dola 35. Nataka kumpelekea baba mkwe anayetimiza miaka 80; kuna ndugu anasafiri Desemba. Muuzaji alisema ni cha zamani, hakina shida.

Shangazi, ninunue kasha? Na mume wangu nimwambieje? Au ni kweli nina ugonjwa?

Mpenda Makasha, Lancaster

*

Marahaba, mwanangu.

Kasha usilinunue Jumapili hii, na hela ya mchezo isiguswe mpaka mumeo ajue. Hayo mawili yakikutosha, ishia hapa. Kama unataka kujua kwa nini, vuta kiti, kimojawapo cha hivyo vinavyokalika.

Ugonjwa huna, au basi unao ule ule waliokuwa nao watu wa hapo hapo ulipo. Ndugu wawili wa Lancaster, Henry na George Landis, walikusanya majembe, vyungu, makasha na mablanketi ya wakulima wenye asili ya Kijerumani mpaka mwaka 1925 wakafungua makumbusho yao wenyewe. Leo ni Landis Valley, mali ya jimbo, na kutoka mjini kwako ni mwendo mfupi wa gari. Nenda. Ukitaka kupaa zaidi, vuka mpaka uingie Delaware ukaone Winterthur, nyumba ya Henry Francis du Pont aliyekusanya samani na michoro ya namna hiyo kwa miaka mingi akaifungulia umma mwaka 1951. Kaa mbele ya makasha halisi. Angalia rangi inavyochakaa pale mikono ilipopita na inavyobaki nzima pale isipofika. Jicho likishaona kitu cha kweli mara nyingi, cha uongo kinaanza kulikera lenyewe, na hakuna maneno ya mchuuzi yanayoweza kulituliza.

Turudi kwa mzee wako mcheshi. Upo Lancaster, nyumbani kwa makasha haya. Pale Adamstown wachuuzi wenzake wanafika alfajiri na tochi, wanapekua kila meza kabla wewe hujamaliza kunywa chai. Kasha la 1792 lenye rangi yake ya asili, jina na mwaka, linakaaje wiki tatu mbele ya macho hayo yote kwa dola 2,600? Likiwa la kweli na zima, bei hiyo ni ya kutupa. Likiwa limekaa, kuna kitu wenzake wamekiona. Na huyo mtu wa makumbusho anayekuja wiki ijayo kila wiki, msamehe tu. Makumbusho hayanunui kwa kukimbizana na mama wa Tanga. Yana kamati, yana wataalamu, yana miezi ya kuulizana maswali.

Sisemi ni tapeli. Huenda naye aliuziwa hadithi hiyo hiyo na mtu mwingine mcheshi. Ninachosema ni kwamba wewe umeniandikia habari za kasha kwa mdomo wake tu: limetoka Berks, halijatoka kwenye ukoo. Umeniambia mbele lilivyopakwa rangi. Nyuma je? Chini je? Ndani ya kifuniko? Hujaangalia, na ushahidi upo huko, kwa sababu anayeghushi hutumia muda wake mahali ambapo mnunuzi anatazama.

Kwa hiyo Jumapili nenda na tochi, kioo cha kukuzia na taa ndogo ile ya kukagulia noti bandia. Mwombe mzee akusaidie kuligeuza kasha. Mchuuzi mwaminifu ataligeuza hata kabla hujaomba.

Anza na mbao za chini na za mgongoni, ambazo hazikupakwa kitu. Zinapaswa kuwa zimekauka na kugeuka rangi kwa usawa, bila alama za mahali palipokuwa pamefunikwa na kitu kingine. Tafuta alama za msumeno. Msumeno wa zamani ulipanda na kushuka, ukaacha mistari iliyonyooka. Msumeno wa duara, ambao ulienea karne ya 19, unaacha mapinde kama vipande vya mwezi. Mapinde kwenye kasha la 1792 yana maelezo ya kutoa. Papasa upande wa ndani: randa ya mkono huacha mawimbi madogo ambayo vidole vinayasikia hata kama macho hayayaoni.

Kisha misumari. Ya enzi hiyo ilifuliwa na mhunzi mmoja mmoja, vichwa havilingani. Ile iliyokatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba la chuma ilianza kuenea kuanzia miaka ya 1790. Ile ya waya, ya duara, unayoinunua dukani leo, ilitawala kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Msumari mmoja wa waya si mwisho wa dunia, mtu anaweza kuwa amekarabati. Miguu nayo mara nyingi imebadilishwa kwa sababu sakafu zilikuwa na unyevu, na hilo linapunguza bei bila kuliua kasha. Lakini ukikuta misumari ya waya mahali ambapo kasha lilianza kuunganishwa, funga tochi yako.

Pembeni, mbao zinapokutana, utaona meno yaliyoshikana. Ya mkono hayafanani, moja nene na jingine jembamba, na karibu yake kuna mstari mwembamba aliouchora fundi ili ajue wapi pa kuishia. Bawaba ziwe ndefu, za kufuliwa. Ndani, upande mmoja juu, aghalabu kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko chake cha kuwekea vitu vidogo vya thamani. Kama umekulia Tanga bila shaka umeona kisanduku cha aina hiyo hiyo ndani ya kasha la bibi harusi, lile la njumu za shaba. Wakulima wale wa Kijerumani nao waliwatengenezea mabinti zao makasha ya kuingia nayo ndoani, na hata wavulana walipewa yao.

Sasa rangi, na hapo ndipo pesa ilipo. Kasha tupu la kweli la karne ya 18 au 19, la mbao zilizopakwa rangi moja, halina bei kubwa sana. Likichorwa maua linapanda. Likiandikwa jina na mwaka linapanda tena. Umeelewa njaa inapoingilia? Mjanja anachukua kasha halali la zamani, mbao zake, misumari yake, bawaba zake zote sawa, halafu anachora maua na kuandika 1792. Ukilikagua kwa seremala linapita. Ndiyo maana lazima rangi ikaguliwe peke yake. Angalia mikwaruzo kwa kioo. Rangi ya zamani ilikwaruzwa pamoja na mbao, kwa hiyo mkwaruzo unakata rangi na kufika kwenye mti. Rangi mpya imeingia ndani ya mkwaruzo, imejaa chini kabisa. Angalia jina: lipasuke na kuchakaa sawasawa na maua yanayolizunguka. Kama maua yamefubaa na jina linang'aa, msichana huyo alizaliwa baada ya kasha kufika sokoni. Pitisha ile taa ya noti kwenye kivuli. Viraka vya rangi mpya mara nyingi huwaka tofauti na eneo lililobaki, na baadhi ya rangi nyeupe za kisasa hazikuwepo kabisa kabla ya karne ya 20.

Soma pia jina lenyewe. Kwa Wajerumani wa Pennsylvania wa wakati ule, jina la ukoo la mwanamke mara nyingi liliongezewa -in mwishoni. Pia makanisa yao yaliandika ubatizo, na madaftari mengi yamehifadhiwa. Msichana wa kaunti ya Berks aliyekuwa na kasha mwaka 1792 anaweza kuwa na mstari wake humo. Akipatikana haimaanishi kasha ni lake, maana waghushi nao wanajua kusoma. Lakini inakupa cha kumuuliza mzee.

Baada ya yote hayo, kama bado unalitaka, mwambie aandike kwenye risiti yale anayoyasema kwa mdomo: limetengenezwa Pennsylvania, karibu 1792, rangi ni ya asili, na pesa zitarudishwa ikithibitika vinginevyo. Aweke sahihi. Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji tochi. Akisema yeye haandikagi mambo kama hayo, umeshajibiwa.

Nadhani kuna jambo jingine nyuma ya barua yako ambalo hukulisema: unafikiri kasha hili litakuja kuwatoa. Watu wanasikia mtungi umeuzwa mamilioni wanapagawa. Ni kweli, mwaka 2021 mtungi wa galoni 25 uliotengenezwa mwaka 1858 huko Edgefield, South Carolina, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56. Aliyeufinyanga ni David Drake, mtumwa, aliyekuwa akiandika tarehe, jina lake Dave na mara nyingine beti za mashairi kwenye udongo mbichi, katika jimbo lililokuwa limepiga marufuku watumwa kufundishwa kuandika. Kazi yake inajulikana, mwandiko wake unajulikana, udongo na rangi za kule zinajulikana. Mitungi yako minne ya maua ya buluu ni mizuri, na usikubali mtu akuambie vingine, ila ni mitungi ya watu wengi. Na samani za mbao nyeusi nyeusi za bibi zetu wa Kizungu zimeshuka bei vibaya tangu mwanzo wa karne hii, kwa sababu vijana hawazitaki na vyumba ni vidogo. Ukinunua kwenye mnada, dalali anaongeza ada yake juu ya bei uliyopiga, mara nyingi robo nzima. Ukiuza, anakata tena. Nunua kwa sababu unataka kukiona kitu kila asubuhi. Nyumba ya Tanga haitajengwa na kasha.

Kwa hiyo mume wako ana haki kwenye hela, hata kama lugha yake ni ya kuudhi. Zamu ya mchezo ni ya nyumba. Mwandalie chai akirudi safari, toa daftari, andika kila ulichonacho na ulichokilipia, hata vile viti. Kisha kubalianeni kiasi cha kila mwezi ambacho ni chako na hakuna wa kukuuliza, dola 60, dola 100, mnajua wenyewe. Na ongeza sharti lako mwenyewe kabla hajalitoa yeye: kabla kipya hakijaingia, viwili vinatoka. Utashangaa jinsi jicho linavyokuwa kali likijua linalipa. Kama mimi, ningeanza kwa kuuza viti.

Katika yale mablanketi matatu, moja huenda uliambiwa ni la zamani la Waamishi, wale Wakristo wakulima wanaoishi kwa desturi za kale. Liwekee taa ile ile gizani. Vitambaa na nyuzi za baada ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi huwaka buluu kwa sababu ya dawa za kung'arisha zinazowekwa kiwandani au kwenye sabuni. Taa inaweza kudanganywa na sabuni ya mtu aliyelifua mwaka jana, kwa hiyo angalia uzi wenyewe ndani ya mshono. Na ikitokea ni jipya usiudhike sana: mengi yanayouzwa Lancaster kwa jina la Waamishi yameshonwa na akina mama wa Kihmong waliokimbia vita Laos, wahamiaji kama wewe, na mikono yao ni ya dhahabu.

Wifi. Usigombane naye. Dua isomwe, haina gharama, na familia itulie. Pwani yetu imejaa makasha ya mababu waliokufa kabla ya Vita ya Kwanza na watu wanatunzia humo vyeti vya shule. Ila mume wako kumtazama bata mtoto akiugua, hapo amepatia bila kujua. Rangi za zamani zilichanganywa madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978 tu. Mtoto akitafuna mdomo wa bata au akalamba vumbi la rangi inayobanduka, ile sumu inaingia kwenye damu na kudhuru ubongo, na mara nyingi haionyeshi dalili yoyote mwanzoni. Bata wapande juu ya kabati leo hii. Usikwangue rangi, usipige msasa. Mwambie daktari wa watoto una vitu vya rangi ya kale nyumbani, na uombe kipimo cha damu cha madini ya risasi. Ni kipimo cha kawaida. Kasha la buluu nalo, la kweli au la uongo, lingekuwa na swali hilo hilo.

Tumefika kwenye kisu, na hapa sina utani. Usikipeleke Tanga. Tangu mwaka 2016 serikali ya Marekani imebana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika. Hata cha kale kinahitaji uthibitisho kwamba kimetimiza miaka 100, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji vibali vya kimataifa. Majirani zako New Jersey na New York wana sheria kali zaidi kuhusu kuuza. Na upande wa pili, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ndugu yako akikutwa na pembe ndani ya begi bila kibali, hiyo ni kesi ya nyara za serikali. Atawaambia ni cha zamani, hakina shida?

Inawezekana si pembe kabisa. Tazama mwisho wa mpini kwa kioo: pembe ya ndovu ina mistari inayokatizana kama wavu. Mfupa una vitone vidogo vyeusi. Plastiki za zamani zilizotengenezwa kuiga pembe zina mistari sambamba, iliyonyooka mno, na ukiusugua mpini kwa kidole mpaka upate moto utasikia harufu ya kafuri. Usijaribu sindano ya moto kama watu wanavyoelekezana, plastiki ile inawaka kama kiberiti. Lakini hata ukijiridhisha kuwa ni plastiki, ofisa wa forodha hatakuwa na kioo chako wala subira yako.

Na ikiwa ni pembe kweli, kuna uwezekano iliwahi kupita pwani yetu. Sehemu kubwa ya pembe za Zanzibar za karne ya 19 zilikwenda Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vitana na vibao vya piano, na waliozibeba kutoka bara walikuwa wapagazi na watumwa. Baba mkwe wako huenda angependa kuisikia habari hiyo kwa simu. Zawadi yake iwe redio nzuri na miwani mpya ya kusomea.

Kisu mrudishie muuzaji udai dola zako 35. Akikataa, kibaki kwako: kukaa nacho nyumbani Pennsylvania si kosa. Weka droo ya juu, mbali na watoto, na umwandikie ndugu yako wa Desemba leo, kabla hajaanza kufunga mizigo.

Shangazi